Mtu wa Nyumba Hapandi Mti

Mapendo mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia. Uko ukuta wa pili kwa msusi, unacheka, na kila ukicheka msusi anakukemea utulie asije akaharibu mstari. Mimi niko hapa kwenye banda langu la pancha. Nimekaa juu ya tairi, karatasi nimeiweka juu ya sanduku la spana. Mkono huu umezoea jeki kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Mama yako atakupa barua hii jioni ukishatulia chumbani kwako. Hajaisoma, lakini kilichomo anakijua.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako amekupa wiki nzima, na mama zako wadogo wa Hasamba walipokuja kukuaga wakazirudia zote kana kwamba ni mpya. Sina la kuongeza hapo. Nataka tuzungumze kuhusu kesho asubuhi, kabla ya basi, wazee watakapokuja kukupa mkono wa kwaheri.

Wazee unawajua. Umewapelekea chai hapa bandani tangu birika lilipokuwa linakuzidi uzito. Mtaani wanajulikana kama chama cha kuzikana cha watu wa Kigoma. Wewe ulijua tangu mdogo kwamba hatutoki Kigoma, na ulijua usiseme. Ulijua kwamba kwetu ni Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kwamba baba yako alikimbia vita. Neno vita nililitumia kwa sababu ni jepesi kumweleza mtoto. Ukweli ni kwamba tuliinuka. Tulikuwa wanafunzi wa ualimu, wavuvi na wachimbaji wa dhahabu, tukadhani wakubwa wakiona watu wengi namna ile barabarani watashuka vitini kwa aibu. Tuliushika mji wetu mdogo. Tukapandisha bendera iliyoshonwa kwa shuka la kitandani la mama yangu, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Kisha askari wakaja kwa njia ambayo tulikuwa tumeapa haipitiki. Waliopona walivuka ziwa. Mimi nilivuka, kaka yangu hakuvuka.

Tunduma ni mji mzuri kwa mtu anayejificha. Mwenye duka katoka Pwani, mwenye malori katoka kaskazini, mwenye gesti katoka anakokujua mwenyewe. Nani atapoteza muda kumuuliza mziba pancha kabila lake? Tulifika mmoja mmoja, tukatafutana kwa lafudhi, na tulipokuwa wa kutosha tukaunda kitu tukakiita Nyumba. Nia ilikuwa moja tu, kurudi na kumaliza tulichoanza. Kwenye banda hili hili tuligawana nchi. Mzee Kalonda akawa rais, kwa kuwa yeye ndiye aliyevuka na suti. Papa Elisha, muuza mitumba, akapewa fedha. Mimi nikapewa usafirishaji kwa ajili ya haya matairi. Cheka ukipenda, lakini jua kwamba hatukuwa tunacheza. Tuliitana waheshimiwa, na wenye chozi la karibu walilia.

Halafu tukagombana, kama ilivyo kawaida ya watu walioshindwa pamoja. Hawa wakataka turudi na bunduki, wale wakataka tuwaandikie wakubwa wa dunia. Ngumi zilipigwa nje ya kanisa siku ya Pasaka, na mimi niling'olewa jino lile ambalo wewe nilikudanganya kwamba liliondoka na rimu la Scania. Mpaka leo kuna Nyumba mbili hapa Tunduma. Zina marais wawili, na marais hao wananunua maharage kwa mama mmoja sokoni bila kusalimiana. Nyumba yetu sisi imebaki na wazee wanne. Wengine wamekufa, wengine wamechoka, na ukichoka huku hakuna wa kukupumzisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo uliniuliza mara nyingi. Ulitaka kujua kwa nini mtaa mzima wamejenga kwa tofali la kuchoma ila sisi, na nikakujibu kwamba tofali bichi lina ubaridi mzuri. Uongo mtupu. Nyumba ina sheria yake kubwa: mtu wa Nyumba hapandi mti. Anapanda mahindi, maharage, viazi, vitu vya msimu. Mwembe, parachichi na kahawa hagusi, kwa sababu anayepanda kitu cha kumngojesha miaka amekubali kukaa. Na tofali la kuchoma nalo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana kila mvua zikiisha tulikuwa tunakandika ukuta upya, wewe na mimi, ukipaka matope mpaka kwenye nyusi. Ulifurahia sana kazi ile. Mimi nilikuwa nakuangalia na kuona aibu.

Babu yako wa Igamba, Mungu amlaze pema, alinipa shamba nilipomwoa mama yako. Alinipeleka mwenyewe, akachota udongo mwekundu akaufinya, akasema, "Mukwe, hapa panataka kahawa. Usipaletee mahindi, utapatukana." Nikapaletea mahindi. Kulia kahawa, kushoto kahawa, katikati mimi na mahindi yangu kama mtu aliyevaa kaptula msibani. Wanyiha wa kule ni watu wa heshima, hawakunicheka mbele ya macho. Msimu wa tatu nilipokwenda kupalilia nikakuta miche ya kahawa imefunikwa majani ya mgomba katikati ya mistari yangu. Mama yako alikuwa ameipanda. Nikapalilia kando yake, nikapita. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Mapendo, mpaka leo nakwenda Igamba kupalilia mahindi katikati ya kahawa ambayo haipo. Shule yako yote uliisoma kwa mti nisioukiri.

Siku moja tu ndipo mama yako alifungua mdomo. Tulikuwa tunakula, nikaanza hadithi zangu za mwakani tukirudi. Akaweka tonge chini. "Baba Mapendo," akasema, "wewe umekaa hapa kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Watoto wanakua, majirani wanazeeka, wewe hata viatu hujavua." Nilinyanyuka mezani kwa hasira, nikaja kulala hapa bandani juu ya matairi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema sawa. Hasira yangu unaijua, huwa inakwenda kwa mtu asiye na kosa.

Wewe pia ilikufikia. Ulipokuwa darasa la pili mwalimu aliwaambia mchore kwenu. Ukachora foleni ya malori, ukachora banda langu na kopo la solusheni ya kubandikia viraka, na pembeni ukachora shamba la Igamba na bibi yako akiwa mkubwa kuliko nyumba. Ulinikimbilia na picha hiyo. Nikaichana. Nikakupigisha magoti nikakukaririsha majina ya milima ya kwetu, milima ambayo hujawahi kuiona, na ulipokosea nikakurudisha mwanzo. Ulikuwa unalia huku ukitaja milima. Siku hizi nikijaribu kuitaja mwenyewe, kuna mmoja unanipotea kabisa, na sina wa kumuuliza bila kuonekana nimesahau.

Mimi ni mtu niliyekwama, mwanangu, na nataka ujue nilivyokwama, usije ukadhani baba yako alikuwa jasiri anayesubiri wakati wake. Zambia iko pale, watu wanavuka kwenda Nakonde kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Wewe ulikuwa unavuka na kandambili, unanirudishia biskuti na maneno ya Kibemba. Mimi sijawahi kuvuka hata mara moja. Makaratasi yangu si ya kweli, na nyuma nikigeuka, huku ndani ya nchi nako, kila nikikutana na mtu wa Kigoma halisi natafuta sababu ya kuondoka kabla hajaniuliza kijiji. Kutwa naziba matairi ya malori yanayokwenda Kongo. Tairi litakanyaga kwetu, mimi nabaki na kiraka mkononi.

Utauliza kwa nini nisiache. Papa Yakobo aliacha. Unamkumbuka, yule seremala aliyekutengenezea kigoda. Alisimama kwenye kikao akasema amezeeka, anataka kupanda parachichi mlangoni kwake na kuwaona wajukuu wakila. Akapanda kweli. Haukupita muda mrefu akaja mtu kumuuliza makaratasi, na mtu huyo alikuwa anajua mpaka jina la mtaa aliozaliwa. Papa Yakobo akaondolewa nchini. Mkewe akamfuata na mabunda mawili ya nguo. Nani alisema? Najua si mimi, zaidi ya hapo sijui, na ndivyo kila mmoja wetu anavyojibu. Ndiyo Nyumba ilivyo sasa, Mapendo. Tulianza tukiwa ndugu tulioshikana mikono, siku hizi kila mmoja amemshika mwenzake shingoni, na tunaita huo ni umoja.

Nimefika kwenye lenyewe.

Ulipopata kazi ile ya uwakala wa forodha kule mpakani mwa Kongo, ulirudi nyumbani ukirukaruka. Nilifurahi, Mungu anajua. Mtoto wangu ana pasipoti ya kweli kwa sababu mama yake ni wa hapa, ana Kiswahili, Kibemba na Kifaransa cha kubabaisha, na ameajiriwa kwa akili zake. Kosa langu ni kwamba nilijivuna. Nikamwambia Papa Elisha, Papa Elisha akamwambia Mzee Kalonda, na Mzee Kalonda akaja hapa na ile suti.

"Huyu mutoto Mungu ametupatia," akaniambia. Unajua tukiwa peke yetu tunarudia Kiswahili cha kwetu. "Iko na pasipoti, iko na kazi, hakuna mutu atamuuliza kitu. Miaka yote hii tulikuwa tunangoja muguu ya kuvuka. Muguu ndiyo hii."

Nikamwambia wewe bado mtoto.

"Mutoto gani? Baraka alikuwa mudogo kuliko yeye. Mwacha asili ni mutumwa, Muheshimiwa. Ama umesahau?"

Nikajibu sijasahau.

Baraka humkumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Alikuwa mwana wa Papa Elisha, kijana mrefu mcheshi, alikuwa anakubeba mabegani ukishika masikio yake. Tulimwapisha hapa bandani. Nikueleze kiapo kilivyo, kwa maana utakiona. Mtoto anasimama katikati. Mzazi wake anamshika kifundo cha mkono wa kulia na kuuzamisha kwenye tope la udongo wa nyumbani. Mzazi anasema, "Huyu ni wa Nyumba." Mtoto anajibu neno moja, "Niko." Basi, imekwisha. Udongo huo wa nyumbani mleta ni mimi. Nauchokonoa kwa bisibisi kwenye kashata za tairi, yale meno yake ya nje, lori likirudi kutoka Kongo, nauweka kwenye kopo la rangi. Lakini lori hilo limekatiza Zambia nzima kwenye lami, limenyeshewa, limelala yadi ya Nakonde siku kadhaa. Tope lile ni la Nakonde, kama si la hapa hapa Tunduma. Mimi najua, Papa Elisha anajua, na nadhani hata Mzee Kalonda anajua. Wanavua kofia, nami navua yangu.

Baraka alisema "Niko" huku anatabasamu. Tukampandisha lori kama utingo, na ujumbe wetu kichwani kwake. Alipiga simu alipofika kwenye mpaka ule ule unaokwenda wewe. Hakupiga tena. Papa Elisha alikuwa anauliza kila dereva anayerudi, mpaka madereva wakaanza kumkwepa. Siku moja alikaa hapa kwenye tairi hili nililokalia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilimushika mukono mimi mwenyewe. Nikasikia mwili yake inataka kurudi nyuma, kidogo tu. Nikakaza." Kisha akauliza kama nina chai. Na huyu Papa Elisha, Mapendo, kesho atakuwepo. Kikaoni aliunga mkono uapishwe. Nilimwangalia akainamia viatu vyake. Nadhani akikataa kwako atakuwa amekiri kwamba angeweza kukataa kwa mwanawe, na jambo hilo hawezi kulibeba. Usimchukie.

Kesho watakuja na kopo. Watakuambia maneno mazuri, kuhusu damu, kuhusu babu zako, kuhusu kaka yangu, na mengi ni ya kweli. Watasema ni kazi ndogo, kupeleka salamu tu kwa mtu fulani, kupokea bahasha, kuangalia nani anapita. Hivyo ndivyo alivyoambiwa Baraka. Ukishasema "Niko" hakuna siku watakayokuambia inatosha. Watakupigia simu ukiwa kazini, ukiwa umeolewa, ukiwa unanyonyesha. Utaogopa kupanda hata mchicha.

Mimi siwezi kukataa. Nimejaribu wiki nzima kutafuta maneno, hapa juu ya matairi, na kila nikiyapata naona mlango wa Papa Yakobo na ule mparachichi wake, na namwona mama yako akifunga mabunda ya nguo kwa ajili yangu. Baba akikataa kumtoa mtoto wake, ni msaliti. Lakini sheria ya Nyumba inasema mtoto haapishwi kwa nguvu. Mtoto akikataa mwenyewe, wazee wanasikitika, wanamlilia kidogo kama aliyekufa, na baba yake anaonewa huruma. Ataitwa mzee aliyeshindwa kulea. Hilo naliweza. Kuonewa huruma nimeshazoea.

Kwa hiyo mlango uko upande wako tu, na mimi baba mtu mzima ninamwomba mtoto wangu aufungue, kwa kuwa mimi nimeshindwa. Hili linaniuma kuliko jino la Pasaka.

Nenda Kongo, mwanangu. Nenda ukaione kama nchi, yenye maembe na foleni na watu wanaochelewa kazini. Ukipata rafiki huko awe rafiki tu, usiwe umetumwa kwake. Ikitokea siku ukapita karibu na kwetu, ukiona mlima usijisumbue kutafuta jina lake. Na wakiinuka tena watu wa huko, na wewe kwa akili yako ukaona wana haki, ukaamua kusimama nao, sitakuzuia. Sijutii kuinuka. Tulikuwa na haki, na bendera yetu ilikuwa nzuri. Ninachojutia ni miaka yote hii tuliyokaa tukilinda kushindwa kwetu kama mboni ya jicho, mpaka tukawalisha watoto wetu kushindwa huko.

Nakupenda sana, Mapendo. Nimekulea nikiwa nimegeuza uso upande wa pili, nikitazama ng'ambo, na wewe ukakua mgongoni kwangu bila kunilaumu. Nimegeuka sasa hivi, mabegi yakiwa mlangoni.

Basi kesho itakuwa hivi. Mzee Kalonda atatikisa kichwa, nami nitakushika kifundo cha mkono. Nitakukaza kweli, kwa sababu watakuwa wanautazama mkono wangu. Nitasema, "Huyu ni wa Nyumba," kwa sauti kubwa. Hapo ndipo uuvute. Vuta kwa nguvu zako zote, usiogope kuniumiza, na useme hapana. Mimi nitakasirika. Nitakuita mtumwa, nitakuita mtoto asiye na kwao, nitapiga kelele mpaka mama yako atoke nje na majirani wachungulie. Huenda nikakuambia usirudi tena kwangu. Nitalia pia, na machozi hayo ndiyo kitu pekee kitakachokuwa cha kweli pale bandani. Mengine yote usiyaamini hata neno moja. Chukua begi lako, upande basi.

Baba yako